Mtoto Texas, Mzazi Lamu: Mwongozo Kamili kwa Wazazi wa Wanafunzi wa Utabibu katika Jeshi la Wanamaji la Marekani

Nikishaswali alfajiri, kabla sijateleka mafuta ya mahamri, nafungua data. Lamu ni saa kumi na moja u nusu. San Antonio, jimbo la Texas, ni saa tatu u nusu ya usiku wa jana, na mwanangu amebakiza muda mfupi kabla ya kulala. Dakika kumi hizo ni zangu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua nizitumie vipi, na mengi niliyoyajua nilifunzwa na wazazi wenzangu wa hapa Lamu na wa Malindi, watu ambao mwanzoni sikuwajua hata kwa sura.

Mwongozo huu ni wa mzazi aliye pwani yetu ambaye mtoto wake alikwenda Marekani, kwa kadi ya kijani ya bahati nasibu au kwa kumfuata ndugu, akajiunga na jeshi la wanamaji la huko na kupangiwa utabibu. Wazazi wa kule wana ushauri wao, lakini umekatwa kwa mama wa Ohio anayeweza kuwasha gari akaenda kwenye mahafali. Sisi hatuendi popote kwa gari. Mji wenyewe una punda.

Hatua ya kwanza: jua mwanao yuko daraja gani

Hofu nyingi nilizoziona kwenye kundi letu la wazazi la simuni zilitokana na mzazi kutojua mtoto yuko wapi katika safari. Safari yenyewe ina vituo vitatu, na kila kituo kina kimya chake.

Kituo cha kwanza ni Great Lakes, jimbo la Illinois, kaskazini ya Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Kila kuruta wa jeshi lao la wanamaji hupita hapo, awe atakuwa mpishi, fundi wa mitambo au tabibu. Mafunzo ni wiki 9 au 10, muda ambao umekuwa ukibadilishwa miaka hii. Simu huchukuliwa siku ya kwanza. Utapata, au jamaa yake wa Marekani atapata, mwito mmoja wa sekunde chache: nimefika salama, nitaandika, kwaheri. Sauti itakuwa kama ya mtu anayesoma karatasi. Usiipime sauti hiyo. Hajalala, yuko kwenye foleni, na kuna mtu amesimama nyuma yake. Mama mmoja wa Malindi alikaa siku tatu bila kula kwa sababu mwanawe hakusema "mama nakupenda". Baadaye kijana alimwambia alikuwa akiogopa kulia mbele ya wenzake.

Karibu na mwisho wana mtihani wa usiku kucha uitwao Battle Stations. Wakiumaliza, kofia iliyoandikwa RECRUIT inavuliwa na wanavalishwa iliyoandikwa NAVY. Mahafali huonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni jioni. Nunua bando la kutosha, tumia simu yenye kioo kizima, na mwite angalau mzazi mmoja mwenzio. Watatokea mamia kwa mamia, wote wamevaa sawa, na hutamuona wako. Sisi tulikuwa watu saba juu ya simu moja, na kila mtu alimuona mwanangu mahali tofauti.

Kituo cha pili ndicho cha mwongozo huu: kampasi kubwa ya mafunzo ya tiba ndani ya kambi ya jeshi ya Fort Sam Houston, mjini San Antonio. Wanafunzi wa jeshi la nchi kavu, la wanamaji na la anga wote husomeshwa katika kampasi hiyo. Hadi 2011 shule ya matabibu wa wanamaji ilikuwa huko huko Great Lakes, kwa hivyo mzee akikwambia vingine usibishane naye, anasema la wakati wake. Kozi huchukua miezi kadhaa, nayo muda wake umebadilika zaidi ya mara moja. Husoma viungo vya mwili na kazi zake, lugha ya hospitali, kupima mgonjwa, kudunga sindano na kutoa damu, kuuguza wodini, na kuzuia damu isimwagike kwa mtu aliyejeruhiwa vitani. Kazi yenyewe inaitwa Hospital Corpsman, na kwa kifupi hujiandika HM. Kila tarehe 17 Juni utaona picha za keki. Kikosi chao kilianzishwa siku hiyo, mwaka wa 1898, na hawaisahau.

Hapa simu anayo, ila si kila saa. Na hapa, si Great Lakes, ndipo wazazi wengi hulegea wakakosea, mimi nikiwa wa kwanza.

Kituo cha tatu ni kazini: hospitalini, melini, au kwa askari wa Marine, wale wapiganaji wa Marekani wanaoshuka nchi kavu kutoka melini. Nitakifikia.

Hatua ya pili: tafuta wenzako, kwa sauti ya chini

Mimi wangu nilimpata kwenye jeti ya Mokowe, mahali pa kupandia boti. Mtoto wa miaka minne hivi, mkononi mwa bibi yake, amevaa kofia nyeusi iliyomfika puani, imeandikwa NAVY. Nikasalimu. Nikauliza jua la leo, nikauliza boti, kisha nikauliza, "Kofia hii kaletewa na nani, mamaangu?" Yule bibi akanitazama vizuri kabla hajajibu. Alifanya sawa kunitazama.

Huku kwetu jambo hili halitangazwi. Tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, ng'ambo tu ya maji hapa, wakaua Wamarekani watatu. Wakati huo huo kuna majirani ambao, ukiwaambia mwanao yuko jeshi la Marekani, watakuuliza maswali ya siasa ambayo wewe mama wa watu huna majibu yake. Kwa hivyo kundi la wazazi halijengwi kwa tangazo. Linajengwa kwa mtu kumjua mtu.

Tulivyofanya sisi ni hivi. Hakuna anayeingia kundini bila wawili walio ndani kumjua kwa uso, si kwa namba ya simu tu. Hatupiti kumi na wawili. Jina la kundi halitaji jeshi wala Marekani, na anayelichungulia kwenye simu yako atadhani ni chama cha kununuliana vyombo. Picha ya mtoto akiwa na sare haiwekwi kwenye wasifu wala status. Tarehe za safari, jina la meli na namba ya kikosi haziandikwi kundini, hata akiwa bado shuleni na hakuna siri ya maana, kwa sababu mazoea huanza mapema. Na hakuna kusambaza ujumbe wa kundini nje. Tuliwahi kumuomba mmoja atoke kwa hilo. Ilituuma, lakini alitoka.

Ukikosa wenzako wa Lamu, tafuta Malindi, tafuta Mambrui. Simu haiulizi barabara ya Garsen ikoje leo.

Usiwasahau kina baba. Baba hawaandiki kundini. Husoma usiku, kisha hujifanya hawakusoma. Tulimuomba mzee mmoja, fundi wa majahazi, awachukue yeye kwa kahawa barazani baada ya isha. Sijui wanazungumza nini na sijauliza, ila mume wangu sasa hulala.

Hatua ya tatu: uzito uende kundini, wepesi uende kwa mtoto

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Wiki ya sita ya masomo yake, mamangu aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Nilikuwa peke yangu naye chumbani, nimechanganyikiwa, nikamrekodia mwanangu ujumbe wa sauti wa dakika nne, mimi nalia na bibi anapiga kelele nyuma yangu. Niliona hiyo ni haki yake, mtoto ajue ya kwao. Ujumbe ulimfika usiku wa kuamkia mtihani. Alifeli. Hakuniambia. Niliyajua baada ya mwezi, tena kwa mama mwingine ambaye mwanawe alikuwa naye darasa moja na sasa hawakuwa tena pamoja.

Jiulize: angefanya nini na ujumbe ule? Angemwinua bibi yake kutoka Texas? Hakuna. Nilichofanya ni kuutua mzigo wangu juu ya mtu aliye mbali kuliko wote na mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Nilihitaji mtu wa kunisikia kwa dakika nne, na mtu huyo alikuwa wa kupatikana mtaa wa Langoni, mwendo wa kutembea kutoka nyumbani kwangu.

Tangu hapo tuna zamu. Kila wiki kuna mzazi mmoja ambaye simu yake iko wazi usiku na mchana. Ukiwa na lako, unamrekodia yeye, hata dakika ishirini. Mwenye zamu anasikiliza mpaka mwisho. Hatoi ushauri mpaka aulizwe, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika, maana sisi watu wa pwani mtu hajamaliza kusema "kichwa" tushampa dawa. Mwisho anauliza swali moja tu: "Hili mtoto anapaswa kulijua leo?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Akipaswa kulijua, linakaa usiku mmoja kwanza, halafu anaambiwa kwa sentensi zilizonyooka, na mtu aliyetulia, siku ambayo kesho yake si mtihani. Kwa hiyo muulize mapema ratiba ya mitihani yake na uiandike ukutani. Kifo na ugonjwa mzito wa mzazi, mke, mume au ndugu wa tumbo moja havingoji usiku mmoja. Hivyo vina njia yake, iko hatua ya sita.

Sisemi umfiche. Mtoto akigundua nyumbani mnamficha mambo, kila "hatujambo" yenu inakuwa ya shaka. Ninachosema ni kwamba akupokee wewe ukiwa umeshalia.

Na hizo dakika kumi, basi, zijazwe nini? Usiulize "umefaulu?" Atakwambia mwenyewe. Muulize leo wamefunzwa nini, kisha mwambie akufunze na wewe. Mwanangu alinifunza kuhesabu mapigo ya moyo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili. Bibi akawa mgonjwa wake. Kila alfajiri nampima, namwambia namba, na yeye kule anaandika. Bibi sasa anajisifu kuwa ana daktari wake Marekani.

Hatua ya nne: jifunze saa zao

Great Lakes na San Antonio ziko kwenye saa moja. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wako nyuma yetu kwa saa 8. Miezi iliyobaki ni saa 9. Jioni yao wakitoka darasani, saa kumi na mbili, kwetu ni saa nane au saa tisa za usiku. Ndiyo maana kuna nyakati mbili tu za maana: alfajiri yetu, ambayo ni usiku wao, na Jumamosi saa kumi au kumi na moja jioni yetu, wao wakiwa ndio kwanza wanakunywa chai.

Kukesha kungoja simu, acha. Tulikuwa na mama aliyekesha wiki mbili, akaugua presha, na kijana akaacha kupiga simu kabisa kwa kuogopa kumuamsha.

Hatua ya tano: barua za Great Lakes

Kuruta hana simu, ana barua, na barua anaisoma mara kumi. Barua yangu ya kwanza niliituma kutoka hapa kwa njia ya kawaida. Ilifika yeye ameshaondoka. Njia iliyotufaa ni hii: andika kwa mkono, piga picha, mtumie jamaa aliye Marekani, yeye aichapishe na kuiposti. Baada ya siku chache iko mikononi mwake. Anwani huja kwake mwenyewe, ikiwa na namba ya meli na ya divisheni. Hiyo "meli" ni jengo la kulala, walilipa jina la meli, usije ukafikiri wameshampeleka baharini kama mimi nilivyofikiri.

Andika ya kawaida. Nani kaolewa, mwezi umeandama lini, bei ya samaki. Vyakula, halua na hata ubani usitume, havitamfikia.

Hatua ya sita: bahasha ya dharura

Kila nyumba kundini ina bahasha moja ya kaki, iko mahali ambapo hata mtoto wa jirani anaweza kuitoa. Itengenezeni pamoja, siku moja, nyumbani kwa mmoja wenu, kwa sababu peke yako utaiahirisha.

Anza na jina lako. Mwanajeshi hujaza fomu iitwayo DD Form 93, ambamo anataja watu wa kuarifiwa likimpata jambo. Muulize ameandika jina gani na namba gani. Huku kwetu mtu ana jina la kitambulisho, jina la nyumbani, na jina la kuitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kwenye fomu liwe la kitambulisho, herufi kwa herufi. Namba ianze na +254 bila sifuri, na iwe ya simu yako, si ya kaka yake aliyekuwa Dubai wakati ule. Ukibadilisha laini, mwambie abadilishe fomu. Katika familia sita tulizokagua, tatu zilikuwa na kosa. Kuna fomu nyingine ya bima ya maisha. Hiyo usimuulize kaandika nani.

Kisha andika karatasi ya maelezo yake: majina kamili kama yalivyo jeshini, tarehe ya kuzaliwa, cheo, tawi la jeshi, na anwani ya shule au kikosi chake. Karatasi hii isipigwe picha kuwekwa kundini.

Karatasi hiyo ni ya Msalaba Mwekundu wa Marekani. Wana huduma iitwayo Hero Care, inayofanya kazi usiku na mchana. Panapotokea kifo au ugonjwa mzito wa mtu wa karibu, familia huwaarifu, wao huthibitisha habari kwa daktari au kwa wanaoshughulikia maziko, kisha huipeleka kwa wakubwa wa mwanao. Msalaba Mwekundu hawatoi ruhusa. Ruhusa ni ya kamanda. Lakini ujumbe uliothibitishwa ndio anaoutegemea kuamua, na mtoto akienda ofisini na simu ya mama peke yake atarudishwa akauthibitishe. Kwa hiyo bahashani kuwe na jina na namba ya hospitali mnayotibiwa, ya daktari anayemjua mgonjwa na, kwa kuwa sisi hatuna kampuni za mazishi, namba ya chifu anayetoa kibali cha kuzika. Sisi tumemteua jamaa mmoja aliye Marekani awe ndiye anayewapigia, na yeye ana nakala ya karatasi.

Sasa lile ambalo hakuna mzazi anataka kulikalia. Maiti kwetu haichelewi. Mtu akifa asubuhi, aghalabu alasiri ameshazikwa. Kutoka San Antonio hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, hata ndege zikiungana vizuri, ni zaidi ya siku nzima, na hapo bado hujahesabu ujumbe na ruhusa. Mtoto hatawahi. Mwambieni hivyo mapema, siku ya amani, si siku yenyewe. Mwanangu na mimi tumekubaliana: bibi akitangulia, hangojwi mtu, anazikwa. Yeye ataomba ruhusa ya kuja kwenye hitima akipata, na asipopata atasoma huko huko. Tulilisema hilo bibi mwenyewe akiwa amekaa hapo, akatia na lake kuwa asije bila kumletea shuka.

Nauli ikiwa tatizo, iko jumuiya ya Navy-Marine Corps Relief Society, ya tangu 1904, ambayo husaidia wanajeshi kwa safari za dharura na hukopesha bila riba. Wazazi wetu huuliza la riba kwanza, kwa hiyo nalisema kwanza. Anayeomba ni mtoto, si wewe.

Na ukipigiwa simu na mtu anayejiita ofisa, akisema mwanao anahitaji pesa ili apewe ruhusa, alipiwe matibabu au mzigo wake utolewe, kata. Jeshi la Marekani haliwatozi wazazi pesa kwa ajili ya likizo. Mpigie mwenye zamu kabla hujagusa M-Pesa.

Hatua ya saba: pesa yake si ya ukoo

Hulipwa mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 15. Tarehe hizo zikijulikana mtaani umekwisha. Watakuja wa ada, wa paa, wa harusi, na mjomba mwenye injini ya boti iliyoharibika tangu 2015. Mwanafunzi wa utabibu ana cheo cha chini na mshahara wa cheo hicho.

Kundi linasaidia hapa kuliko mtu mmoja anavyoweza. Tumekubaliana sote jibu moja: "Bado anasoma, akimaliza tutazungumza." Likisemwa na nyumba sita linakuwa desturi, likisemwa na nyumba moja linakuwa uchoyo. Akituma kwa hiari yake, pokea, shukuru, usitangaze. Mchango wa kundi letu wenyewe ni mdogo, wa bando, nauli ya boti na kumtazama mgonjwa. Huwekwa na wawili wasio ndugu, na pesa ya mtoto haiingii humo.

Hatua ya nane: akirudishwa nyuma, au akinyamaza

Mitihani ni mingi na inakuja mfululizo. Anayefeli anaweza kurudishwa darasa la nyuma yake akarudia, na akishindwa zaidi anaweza kuondolewa kwenye kozi na kupangiwa kazi nyingine ya jeshi. Kurudishwa si kufukuzwa. Mwanangu alirudishwa na akamaliza. Binti wa mama mmoja wa Malindi alitolewa, sasa anafanya kazi nyingine melini na, kwa maneno ya mamake, amenenepa. Likitokea, kazi yako ni kutouliza "sasa watu tuwaambie nini". Watu walikuwa hawajui anasoma nini tangu mwanzo.

Kunyamaza ndiko kunakonitisha mimi zaidi ya kufeli. Mtoto aliyekuwa akicheka kisha majibu yamekuwa "poa" na "niko sawa" wiki ya tatu sasa, halali, au anazungumza kama mtu anayegawa vitu vyake, usimpe mawaidha. Muulize wazi kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Mwambie apige 988 kisha abonyeze 1, ni namba ya wanajeshi, mchana na usiku. Mwambie pia kuhusu kasisi wa jeshi. Watoto wetu wa Kiislamu humkwepa wakidhani ni wa Wakristo peke yao, kumbe kazi yake ni kumsikiliza kila askari, wa dini yoyote. Anayoambiwa hayatoki, si kwa kamanda, si kwa mzazi. Na tangu 1996 jeshi la wanamaji limekuwa na maimamu wake, ingawa ni wachache. Kasisi huyo huyo ndiye wa kumuendea kwa mambo ya swala, chakula na Ramadhani. Wewe mama usimpigie kumuuliza amefunga ngapi. Anakimbia mazoezi alfajiri kwenye joto la Texas, ambalo ni la Malindi bila bahari. Hesabu ya kadha yake anaijua.

Hatua ya tisa: siku utakayosikia neno Marine

Mlishazoea: mtoto anasomea hospitali, atakaa wodini, hewa baridi, koti jeupe. Kisha siku moja anakwambia, "Mama, nimepangiwa Marine." Nyumba inazizima.

Jueni tangu mwanzo, ili siku hiyo isiwe ya msiba. Askari wa Marine hawana matabibu wao. Matabibu wao ni hawa wa jeshi la wanamaji, na huwaita "Doc". Anayepangiwa huko huongezewa takriban wiki 8 za mafunzo ya uwanjani, California au North Carolina. Wengine hupelekwa hospitali kubwa kama za San Diego na Portsmouth, wengine melini, na wengine hurudi darasani kusomea meno, maabara au upasuaji. Mtoto anaweza kuandika anachotaka. Jeshi huamua kwa haja yake.

Mwenye habari hii asiachwe peke yake siku ile. Sisi huenda wawili nyumbani kwake, tena bila kumwambia tunakuja kwa nini, na mmoja ni lazima awe mzazi ambaye wake ameshapita huko. Tunakaa. Chai inateremshwa. Kuna mama wa Malindi alikuja mpaka huku kwa basi na boti kwa ajili hiyo tu, akakaa dakika arobaini akaondoka, na sikumsikia akitoa nasaha hata moja. Alimuonyesha mwenziwe picha za mwanawe akila.

Mtoto akishamaliza San Antonio, mzazi usitoke kundini. Wanaokuja nyuma yako watakuwa na karatasi ya saa ukutani isiyo sahihi na bahasha tupu. Wa kwetu wa kwanza kumaliza alipelekwa Okinawa, Japani. Mamake alibandua ile karatasi ya Texas akampa mama mpya wa Mambrui, kisha akaandika nyingine, kwa sababu hesabu yote imepinduka. Huko wako mbele yetu kwa saa 6. Sasa akimaliza kuswali alfajiri na kufungua data, mwanawe yuko kazini saa tano asubuhi, na ni yeye mama anayeambiwa, "Nitakupigia nikitoka, kalale kidogo."